Mshikizi wa Kiti cha Tano

Mtu akikuambia mchezo ni mchezo tu, usimtazame usoni, mtazame mikono. Fundi wetu huyu wa meno alikuwa akisema hivyo kila wiki, na kila Jumamosi ikifika saa nane mchana alikuwa akifuta viganja kwenye suruali kama bwana harusi anayesubiri kuitwa.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia katika chumba cha nyuma cha kliniki moja ya meno. Chumba kilikuwa na dirisha moja, sinki moja, mashine ya kung'arishia iliyonguruma mpaka ukuta ukatetemeka, na rafu nne zilizojaa taya za plasta, kila taya na kikaratasi cha mwenyewe. Mbele alikaa Daktari, na sifa zote zilibaki huko mbele kwa Daktari. Yeye wagonjwa walimwona dakika chache tu, wakiwa midomo wazi, bila jino hata moja, wakijaribu kumweleza seti mpya inawabana wapi. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amejifunza lugha isiyo na kamusi, lugha ya vinywa vitupu. Bibi akisema, "Hapa pananihoma," yeye alijua panamchoma, na alijua pa kupiga msasa. Wakati mwingine hata Daktari alimwita aje atafsiri.

Lakini roho yake haikuwa kliniki. Roho yake ilikuwa mtaa wa pili, kwenye duka la michezo lililobanwa kati ya dobi na muuza vioo. Mbele ya duka kulikuwa na bao, drafti, karata, dadu za kila rangi na masanduku ya michezo ambayo vifuniko vyake vilikuwa vimefifia kwa jua la dirishani. Nyuma, ukishavuka pazia la shanga, kulikuwa na meza kubwa ya mbao, na juu ya meza hiyo kulichezwa Ngome. Ngome ni mchezo wa vita: kila mchezaji ana kuta zake, visanamu ishirini vya askari na dadu mbili, na anayebomoa kuta za wenzake ndiye mshindi. Meza ilikuwa na viti sita, vyenye namba zilizopakwa rangi nyeupe mgongoni. Mwenye kiti alikuwa mtu. Asiye na kiti alisimama ukutani akatazama, na akaitwa hivyo hivyo, mtu wa ukutani.

Fundi wetu alikuwa mtu wa ukutani kwa miaka tisa.

Jina lake la pale lilikuwa Meno. Alibandikwa siku ya kwanza tu na Kinyozi, mwenye kiti cha pili, ambaye saluni yake ilitazamana na kliniki na ambaye ulimi wake ulikata kuliko wembe wake. "Ahaa, mtengeneza meno! Karibu ututafunie," akasema, na watu wakacheka, na jina likaganda. Meno naye alicheka. Ukibandikwa jina usipocheka, unabandikwa la pili, baya zaidi.

Kitu kimoja walimhitajia. Kwenye kliniki alikuwa na brashi za kupakia rangi meno, nyembamba za unywele mmoja, na kwa brashi hizo aliwapaka rangi askari wa watu wote wa mezani: vifungo vya makoti, kope za macho, hata kutu kwenye panga. Walimletea kwenye mifuko ya plastiki, wakachukua kwenye mifuko ya plastiki, na asante ilikuwa ngumu kutoka kuliko jino la gego. Siku moja Karani wa mahakama, mwenye kiti cha tatu, alikwenda msalani akamwambia amshikie dadu. Aliporudi alizipokea, akatoa leso, akazifuta moja moja mbele ya watu, kisha ndipo akarusha.

Mkewe, ambaye alifundisha shule ya chekechea, alikuwa akimwambia, "Baba Watoto, mimi nashinda na watoto wa miaka minne wanaogombania viti. Nalipwa mshahara kwa hilo. Wewe unalipwa nini?"

Alitaka kiti. Kuna watu wanataka nyumba, wengine wanataka wajukuu. Yeye alitaka mbao nne na mgongo wenye namba, na watu watano wanaolazimika kumngoja arushe dadu.

Mtu pekee aliyemwambia asante pale mezani alikuwa mwenye kiti cha tano. Tumwite kama walivyomwita, Mzee Tangazo. Kwa miaka thelathini alikuwa ametangaza treni kwenye stesheni: inayoingia, inayotoka, iliyochelewa, na mizigo ya nani imeachwa jukwaa gani. Alitamka Kiswahili kana kwamba kila neno lina tiketi yake. Meno yake yote yalikuwa ya bandia, na aliyeyatengeneza, miaka kumi na minne iliyopita, ni fundi wetu. Bila meno hayo, mbali na fundi huyo, hakuna aliyewahi kumwona, hata wajukuu zake. Mkwewe alikuwa akisema mzee ni afadhali atoke nje bila suruali kuliko bila meno.

Basi mzee akaugua tumbo. Ikaamuliwa apasuliwe. Jumamosi ya mwisho kabla ya kulazwa alisimama, akamwambia Mama Kete mbele ya wote, "Kiti changu atashikiza Meno."

Hapa lazima nieleze sheria, maana pale dukani sheria zilikuwa nzito kuliko dini. Mama Kete, mwenye duka, alikuwa mjane, na mumewe alimwachia duka, kengele ya shaba na kipande cha kadibodi kilichoandikwa sheria za meza kwa wino wa bluu. Ya kwanza: ukigusa umecheza. Ya pili: mwenye kiti akikosekana, mtu mmoja atamshikizia, yaani atakikalia kwa muda. Ya tatu: mshikizi akimaliza Jumamosi kumi na mbili mfululizo, kengele ikilia, kiti ni chake. Ya nne: kabla ya kengele hiyo, mwenye kiti anaweza kuja, asimame nyuma ya kiti, na aseme kwa kinywa chake mwenyewe ama "Nafasi hii sijaiacha," ama "Nafasi hii nimemwachia." Barua haikubaliki, wala simu, wala mjumbe, kwa sababu zamani ndugu wa mchezaji mmoja alileta barua ya kughushi na siku hiyo viti viliruka. Ya tano: mshikizi aliyenyang'anywa hashikizi tena maishani.

Na kulikuwa na jambo ambalo halikuandikwa ila kila mtu alilijua. Kiti ulichopata kwa kuhesabu Jumamosi kiliitwa kiti cha kuotea. Kiti ulichoachiwa kwa kinywa kiliitwa kiti cha heshima. Kinyozi alikuwa amepata chake kwa kuotea, na ukimkumbusha ananuna wiki nzima.

Meno akakaa. Jumamosi ya kwanza dadu zilimtoka mkononi zikaanguka chini ya meza, akapiga magoti kuzitafuta huku Kinyozi akimwambia asisahau kuangalia na meno ya watu huko chini. Jumamosi ya tatu akabomoa kuta za Karani. Ya sita akashinda meza nzima, na watu wa ukutani, wenzake wa jana, wakampigia makofi, naye hakugeuka kuwatazama. Ya nane alimwona mmoja wao amesimama karibu mno, akamwambia, "Ndugu yangu, unanipumulia." Alishangaa jinsi maneno hayo yalivyokuwa matamu mdomoni.

Kufikia Jumamosi ya kumi alikuwa ameacha kuulizia hali ya mzee. Hakumwombea kifo, tusimsingizie. Alimwombea mapumziko marefu.

Jumatano kabla ya Jumamosi ya kumi na mbili, mzee akaingia kliniki kwa miguu yake mwenyewe.

Alikuwa amekonda mpaka kola ya shati ilimzunguka kama pete ya mtu mwingine. Ufizi nao ulikuwa umekonda, kwa hiyo seti ilikuwa imelegea, na kila alipoongea aliishikilia juu kwa kidole gumba.

"Shikamoo, mzee wangu," Meno akasema.

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia unawabomoa." Mzee akacheka, meno yakadondoka nusu, akayarudisha haraka na kugeuza uso. Alipogeuka tena alikuwa na aibu machoni. "Nitengenezee haya yakae. Jumamosi nina neno la kusema pale mezani, nataka litoke safi. Tangazo lisilosikika ni kelele."

"Neno gani, mzee?"

"La Jumamosi husemwa Jumamosi," mzee akasema, akatabasamu mdomo umefungwa.

Meno alichanganya plasta bila kuona anachochanganya. Neno gani tena? Mtu hajikongoji na mshono tumboni kwenda kumwambia mtu jambo jema. Amepona, anataka chake. Sijaiacha. Alilisikia neno hilo masikioni kwa sauti ile ile ya stesheni, kila herufi na tiketi yake, na aliona kengele, na aliona ukuta, na aliona Kinyozi akifungua mdomo.

Akachukua alama ya ufizi, akamwambia mzee aache seti, aje Ijumaa. Mzee akatoka amefunika mdomo kwa leso nyeupe.

Kazi aliifanya Alhamisi, na hapa pana ajabu ya mafundi: mkono haukukubali kuharibu. Alitandika plastiki ya waridi upya ndani ya seti, akaichemsha, akaipiga msasa, akaing'arisha mpaka ikateleza. Aliijaribu kwenye taya ya plasta, ikakaa kimya. Katika miaka ishirini na miwili hajawahi kutengeneza seti iliyokaa vile. Ijumaa asubuhi akapiga simu, akapokea mkwe wa mzee, maana mzee hakuongea na simu bila meno.

"Mwambie mzee plastiki haijakauka," Meno akasema. "Aje Jumatatu."

"Lakini, fundi, amesema kesho lazima. Tangu Jumatano yuko mbele ya kioo anafanya mazoezi ya midomo."

"Kesho haiwezekani. Plastiki mbichi itamchubua. Mwambie apumzike."

"Basi nitamwambia," mkwe akasema, na sauti yake ikawa imepoa.

Seti ilikuwa mbele yake imekauka kama mfupa. Aliificha ndani ya mkoba akaenda nayo nyumbani, asije Daktari akaiona rafuni akamwita mwenyewe. Jumamosi asubuhi mkewe aliikuta juu ya kabati la jikoni, ndani ya pamba.

"Meno ya nani haya?"

"Ya Mzee Tangazo. Hayajawa tayari."

Mkewe akayagonga kwa ukucha. "Mbona yanalia kavu? Lete nimpitishie, nakwenda upande wa kwao."

"Hapana," Meno akasema, akayachukua upesi akayatia mfuko wa shati na kufunga kifungo. "Yana kazi bado. Nitapita nayo mwenyewe."

Mkewe alimtazama kama anavyowatazama watoto wa miaka minne wenye peremende shavuni.

Saa nane alikuwa kwenye kiti. Saa tisa alikuwa amebomoa ukuta wa kwanza wa Kinyozi. Kila mara mkono ulikwenda wenyewe mfukoni, ukakuta ile pamba, ukarudi kwenye dadu. Ukutani walikuwa wamejaa, kwa sababu Jumamosi ya kumi na mbili haiji kila mwaka, na Mama Kete alikuwa tayari ameshika kopo dogo la rangi nyeupe, maana mwenye kiti mpya hupaka namba yake upya. Kengele ingelia saa kumi. Ikawa saa tisa na dakika arobaini. Ikawa arobaini na tatu.

Pazia la shanga likalia.

Mzee Tangazo aliingia na bakora mkono mmoja na leso nyeupe mdomoni mkono wa pili. Watu wakampisha. Jasho lilikuwa limemlowesha mgongo. Kutoka kwake mpaka pale ni mwendo wa nusu saa kwa mtu mwenye afya, kwake yeye ilikuwa saa nzima.

"Tangazo!" Kinyozi akapaza sauti. "Treni imekwama stesheni gani?"

Mzee alizunguka meza polepole mpaka nyuma ya kiti cha tano. Meno alisikia pumzi yake kisogoni. Leso ikashushwa. Na watu wote waliokuwemo, isipokuwa Meno, kwa mara ya kwanza katika maisha yao, wakauona mdomo wa Mzee Tangazo bila meno: mashavu yameingia ndani, kidevu kimepanda kuja kuisalimia pua. Mtu mmoja ukutani akaguna. Mwingine akaanza kucheka akajizuia, halafu hakujizuia.

Mzee akanyoosha mgongo. Akasema kwa nguvu zake zote:

"Napahi hii nimemwahia."

Duka lililipuka. Kinyozi alipiga meza kwa viganja mpaka askari wakaanguka. "Nimemwahi! Mmesikia? Amemwahi! Dakika kumi na tano kabla ya kengele, amemwahi Meno! Nani alisema treni za mzee zinachelewa?"

Meno hakucheka. Alikuwa ameganda. Hapa pananihoma. Nimemwahia. Katika chumba chote kile kilichojaa vicheko, masikio mawili tu ndiyo yaliyosikia neno lenyewe, na yalikuwa yake. Nimemwachia. Mzee alikuwa amesema nimemwachia.

Mzee akatikisa kichwa. Akanyoosha kidole kwa Meno, akarudia, "Nimemwahia! Nimemwahia!" na mate yakamtoka. Kinyozi akaweka midomo ndani ya mdomo, akakunja kidevu, akarudia naye, "Nimemwahia!" na watu wakashika mbavu. Kile kidole wakakielewa kuwa ni inuka hapo. Mzee akafanya ishara ya kuandika hewani, akiomba kalamu.

"Maandishi hayakubaliki," Karani akasema, akionyesha kadibodi kama yuko mahakamani. "Sheria ya nne. Na tena, maneno ni 'sijaiacha'. Yeye amesema 'nimemwahi'."

"Wewe nawe!" Mama Kete akamkata. "Mtu hana jino, atasema sijaiacha kwa kutumia nini? Amekuja, amesimama nyuma, amesema amemwahi mshikizi. Unataka akuimbie?"

Meno akasimama. "Hakusema hivyo," akasema, na sauti yake mwenyewe aliisikia nyembamba. "Amesema nimemwachia. Ameniachia mimi. Mimi nawaelewa watu wasio na meno, ndiyo kazi yangu."

Kinyozi akafuta machozi ya kicheko. "Fisi anatusomea hesabu ya bucha! Kiti chako, masikio yako, na tafsiri yako. Aa, Meno, hata aibu?"

Mzee alikuwa akitikisa kichwa juu chini, ndiyo, ndiyo, akimgusa Meno begani. Lakini mtu aliyechekwa hivyo, kichwa chake kikitikisika nani anajua kinakubali nini? Mama Kete peke yake ndiye aliyewatazama wote wawili bila kucheka. Akaiangalia saa yake ya ukutani. Dakika saba.

"Jambo rahisi," akasema. "Mzee avae meno aseme tena. Meno yake yako wapi?"

Mzee akamwonyesha Meno kwa kiganja kilichofunguka, kwa imani kabisa, kama mtu anayemwonyesha mgeni mlango wa nyumba yake.

Watu wote wakamgeukia. Seti ilikuwa kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, kavu, imeng'arishwa, tayari tangu Alhamisi. Alichotakiwa kufanya ni kufungua kifungo kimoja. Mzee angeyavaa, angesema, na kiti kingekuwa cha heshima, si cha kuotea, kiti ambacho hata Kinyozi hakuwa nacho. Na watu wote wangejua kwamba meno yalikuwa mfukoni mwake wakati mzee anatemewa kicheko. Mzee naye angejua.

Mkono ulifika kifuani, ukasimama.

"Yako kliniki," Meno akasema. "Hayajakauka."

"Na kliniki imefungwa saa saba," Kinyozi akasema. "Nimemwona Daktari kwa macho yangu akitia kufuli, nilikuwa namnyoa mtu kichwa."

"Basi," Mama Kete akasema.

Walisubiri zile dakika saba zote, maana sheria ni sheria. Hakuna aliyerusha dadu. Mzee alikuwa amerudisha leso mdomoni na macho yake yalikuwa mekundu. Saa kumi Mama Kete alipiga kengele ya shaba mara moja, akafunika kopo la rangi. Meno akatoka kwenye kiti, na miguu, bila kuulizwa, ikampeleka ukutani, mahali pale pale ambapo plasta ilikuwa imeng'aa kwa mgongo wake wa miaka tisa. Yule aliyeambiwa "unanipumulia" akamsogelea akampumulia shingoni, pfuu, na wengine wakacheka.

"Na kuanzia leo si Meno tena," Kinyozi akatangaza. "Ni Mwahiwa."

Jina likaganda.

Mzee hakukaa kwenye kiti. Walimvuta akae, akakataa. Alikuja mpaka ukutani, akamshika fundi mkono wa shati, akaonyesha mlango: nisindikize.

Walitembea polepole, wakapita kwa dobi, wakapita mbele ya saluni na kliniki yenye kufuli. Mzee aliongea njia nzima nyuma ya leso. Mpita njia angesikia upepo na mate tu. Fundi alisikia kila kitu.

"Nisamehe, mwanangu. Nimekuharibia. Ningekaa nyumbani, kingekuwa chako hivi sasa. Lakini kingekuwa cha kuotea, wangekusimanga nacho mpaka unazeeka. Nilisema hapana, kijana huyu atatangaziwa. Mkwe wangu aliniambia seti haijakauka. Nikasema, potelea mbali, aibu ni ya siku moja, kiti ni cha maisha. Nilijua wewe utanielewa. Wewe ulinielewa, sivyo?"

"Nilikuelewa, mzee."

"Basi si kosa lako. Plastiki ikichelewa imechelewa. Fundi mzuri haharakishi kazi."

Fundi alitaka ardhi ipasuke. Haikupasuka, ni barabara ya lami, ilikuwa na kazi nyingine. Alifikiria kusema. Alipanga maneno mara tatu, na mara tatu walivuka barabara na maneno yakabaki ng'ambo.

Mlangoni kwake mzee aliegemeza bakora ukutani. Alitia leso mfukoni, kwa kuwa mbele ya fundi wake hakuwa na cha kuficha, akafungua mikono yote miwili, akamkumbatia kama baba anavyomkumbatia mwana aliyefukuzwa kazi. Alimkumbatia kwa nguvu. Vifua vikakutana, na katikati yao kikabonyea kitu kigumu, kilichopinda kama kiatu cha farasi.

Mzee akatulia. Hakumwachia mara moja. Mtu aliyevaa meno miaka kumi na minne anayajua hata kwa mbavu.

Alirudi nyuma hatua moja. Alifungua kifungo cha mfuko wa fundi taratibu, akaingiza vidole viwili, akatoa kile kifurushi cha pamba, akakifungua. Meno yaling'aa kwa jua la alasiri. Akapitisha kidole gumba ndani, kwenye plastiki ya waridi, kavu, laini. Akaiangalia kwa muda mrefu, kisha akamwangalia fundi kwa muda mrefu zaidi. Fundi alisema, "Mzee wangu."

Mzee akayavaa. Akauma mara mbili, kama alivyofundishwa na fundi huyo huyo. Mashavu yakajaa, kidevu kikashuka mahali pake, akawa tena mtu wa stesheni. Akanyoosha mgongo.

"Nafasi hii," akasema, "sijaiacha."

Akachukua bakora yake, akaingia ndani, akafunga mlango. Kila herufi ilikuwa imetoka safi. Fundi alibaki amesimama kizingitini na mfuko wazi, na kwa kuwa kazi ni kazi, sikio lake lilikuwa limekwisha kusikia: seti ilikaa barabara, haikucheza hata kidogo.